Anga ya chini ya Tanga: kisa cha mpango wa miaka 20 wa kuongoza ndege

Kisa hiki kinawalenga wanaokaa mezani kupanga mifumo ya kuongoza ndege ya miaka ijayo: wahandisi, waongoza ndege, marubani, maofisa mipango na wahasibu. Majina, taasisi, vyeo kamili na tarehe za vikao vimeondolewa, na washiriki nimewataja kwa kazi zao. Nilikuwemo kama mwandishi wa kumbukumbu za vikao, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona na kuyasikia.

Usuli

Tanga imekaa mahali pagumu kwa mpangaji wa anga. Kwa mstari wa moja kwa moja, Dar es Salaam iko umbali wa karibu kilomita 200, ilhali Mombasa ni kama kilomita 130 tu. Ndege ikivuka mpaka karibu na Horohoro imetoka kwenye anga inayosimamiwa na Dar es Salaam na kuingia inayosimamiwa na Nairobi. Upande wa bara kuna Usambara, upande wa bahari kuna mkondo wa Pemba. Ndege zinazotua mjini ni ndogo, za aina ya Cessna Caravan, zinazounganisha Tanga na Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Kusini, kuelekea Pangani na Saadani, zipo zinazobeba watalii kwenda kwenye viwanja vya nyasi na changarawe. Juu kabisa zinapita ndege kubwa zisizo na habari na Tanga.

Timu ilipoitwa, kulikuwa na sababu tatu za kuamini kwamba hali hiyo haitabaki ilivyo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, nje kidogo ya mji, na kazi ya aina hiyo huja na helikopta na ndege za kukodi. Bandari ya Tanga imepanuliwa. Na kwenye mashamba ya mkonge wameanza kutumia droni kupima na kupiga picha, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa miguu.

Kitaifa, mradi wa rada 4 ulioanza mwaka 2017 kwa zaidi ya shilingi bilioni 67 ulikuwa umeweka mitambo Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kimataifa, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lina mpango wa dunia unaopanga maboresho kwa vipindi vya miaka sita sita: 2013, 2019, 2025, 2031 na kuendelea. Kila nchi inashauriwa ichague yanayoihusu, isibebe yote.

Hadidu za rejea za timu zilikuwa ukurasa mmoja: andaeni andiko la mapendekezo ya mfumo wa kuongoza ndege kwa pwani ya kaskazini kwa miaka 20 ijayo. Timu haikuwa na mamlaka ya kununua wala kuamuru. Ilikuwa ya kushauri, na watu wake, wasiofika kumi, walitoka taasisi tofauti. Walikutana kwa wiki moja kwenye ukumbi karibu na Raskazoni.

Rasimu ya kwanza

Mhandisi wa mawasiliano alikuja na rasimu tayari, na ilikuwa kazi safi. Jedwali lenye safu tatu: mtambo, mwaka, gharama. Rada ya Tanga kipindi cha kwanza. Mnara wa kidijitali, wa kamera zinazoangaliwa kwenye skrini kutoka Dar es Salaam, kipindi cha pili. Mawasiliano ya maandishi kati ya rubani na mwongoza ndege kipindi cha tatu. Mwisho, uongozaji unaofuata njia nzima ya ndege tangu inapoondoka hadi inapotua, ambao ndio lengo la mpango wa ICAO.

Mwenyekiti aliipenda, na alikuwa na sababu. Alikwishaona mapendekezo mengi yakikwama kwa sababu hayakuwa na takwimu wala miaka. Jedwali lile lingeweza kuingia kwenye bajeti bila kuguswa. Asubuhi yote ya kwanza ilikwenda kwenye kurekebisha gharama, na hakuna aliyeuliza ni ndege zipi zitakazohudumiwa.

Hesabu ya Mstaafu

Kwenye timu alikuwemo mzee mmoja aliyeongoza ndege maisha yake yote ya kazi na sasa amestaafu. Siku ya pili alimgeukia Mhandisi.

“Mwanangu, hii rada ya Dar tuliyonayo sasa, ndege ya Pemba inaiona?”

“Mzee, rada inafika mbali sana. Zaidi ya maili 200.”

“Inafika mbali juu. Nakuuliza chini.”

Akaomba kalamu, akaenda kwenye karatasi ukutani. Mawimbi ya rada huenda karibu moja kwa moja, lakini dunia imepinda, kwa hiyo ndege iliyo mbali lazima iwe juu ndipo ionekane. Kanuni ya haraka wanayoitumia watu wa redio ni hii: chukua kimo cha ndege kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.23, utapata umbali wa kuonekana kwa maili za baharini. Ndege iliyo futi 10,000 inaonekana hadi maili 123. Iliyo futi 2,500 inaonekana hadi maili 61 na ushei.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni maili za baharini 107 hivi. Akaigeuza hesabu: kuonekana kwa umbali huo kunahitaji futi 7,500 hivi. Mhandisi alimkumbusha, na kwa haki, kwamba antena haiko chini, imeinuliwa. Mzee akaipa antena futi 100, akapiga upya, ikashuka mpaka karibu futi 6,000. Akaweka kalamu chini.

“Kepteni, wewe ukitoka hapa kwenda Pemba unapanda futi ngapi?”

Rubani alikuwa kijana wa ndege ndogo. “Elfu mbili, tatu, mzee. Nikipanda zaidi nitakuwa nimeshafika.”

Rada ya Kilimanjaro iko umbali wa karibu kilomita 290, na milima ya Upare na Usambara imekaa njiani. Kwa hiyo rada zote 4, zinazofanya kazi nzuri kwa ndege za juu, hazina msaada kwa ndege zinazotua Tanga. Mwongoza ndege asiye na picha ya rada hutenganisha ndege kwa muda, kimo na taarifa anazopewa na marubani kwenye redio. Mzee alituchorea stripu, kile kipande chembamba cha karatasi ambacho kila ndege huandikiwa: alama ya ndege, kimo, mahali iliporipoti, saa. Kisha akachora ya pili chini yake na kuzungushia saa zote mbili duara. “Kazi yote iko hapa,” alisema. “Hawa wawili wasifike Pangani kwa dakika moja na kimo kimoja.”

Ukumbi ulinyamaza, na jedwali la safu tatu halikurudi ukutani tena siku ile.

Mchana mmoja mezani

Siku iliyofuata Rubani alitoa wazo ambalo kwangu ndilo lililoiokoa kazi nzima. Alisema tuache kuzungumzia mitambo, tuuendeshe mchana mmoja wa miaka 20 ijayo, dakika kwa dakika. Ramani ya pwani ikatandikwa mezani kutoka Horohoro hadi Saadani. Vizibo vya soda vikawa ndege: vyekundu za abiria, vyeupe helikopta, vya kijani droni. Mtu mmoja akashika saa. Kila dakika mbili kila mwenye kizibo alikisogeza, na mimi nikaandika kwenye safu moja tu: nani anajua nani yuko wapi?

Mchana tuliouchagua ulikuwa wa masika, saa nane, wingu limeshuka hadi futi 1,500. Caravan moja inatoka Pemba, nyingine inatoka Pangani, ndege ya mgonjwa imeombewa nafasi ya kutua, helikopta inaondoka Chongoleani kuelekea kusini, na droni mbili ziko juu ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Hakuna lililozidishwa. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kutokea leo, ila si vyote pamoja.

Kwa dakika kumi za mwanzo mambo yalikwenda. Halafu wingu likaifanya Caravan ya Pangani ishuke kufuata ufuo, helikopta nayo ikaufuata ufuo huohuo kutoka upande wa pili, na rubani wa helikopta alikuwa hajabadilisha masafa ya redio. Safu yangu ikaonyesha vizibo viwili vinavyokutana bila yeyote mezani kujua habari za vyote viwili.

La droni lilikuwa gumu zaidi. Mshiriki aliyeziendesha alikuwa dada mmoja mtaalamu wa ramani anayefanya kazi hiyo mashambani. Mwenyekiti alimuuliza, “Dada, wewe kabla ya kurusha unamwambia nani?”

“Namwambia msimamizi wa shamba. Kibali ninacho, masharti nayafuata, sipandi juu.”

“Na helikopta ikishuka kwa ajili ya wingu?”

“Nitaisikia, nitashusha.”

Alijibu kweli tupu, na wala hakuwa amevunja sheria yoyote. Lakini kila mtu mezani aliona kwamba usalama wa watu walio ndani ya helikopta ile umebaki mikononi mwa masikio ya mtu mmoja aliyesimama katikati ya mkonge, na jenereta inanguruma karibu yake.

Walichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiondoa rada ya Tanga kwenye mapendekezo. Mahali pake timu ilipendekeza vituo vidogo vya kupokea mawimbi ya ADS-B. Kwa mfumo huu ndege yenyewe hupata mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti na kutangaza mahali hapo na kimo chake karibu mara mbili kila sekunde, kwenye masafa ya megahezi 1090. Kituo cha kupokea ni antena fupi, kipokezi na kompyuta ndogo. Kinaweza kukaa juu ya mnara wa simu uliopo, hasa kwenye vilima vya Usambara Mashariki vinavyoitazama bahari. Kituo kilicho futi 3,000 juu ya bahari kinaona, kwa kanuni ileile ya Mzee, hadi maili 67 hata kwa ndege iliyo karibu kabisa na maji.

Mwenyekiti alipinga, na hoja yake iliandikwa kwenye andiko kama alivyoisema. ADS-B humsikia anayesema tu. Ndege isiyo na kifaa, au iliyokizima, haipo. Na ishara za setilaiti zinaweza kuvurugwa. Timu haikumjibu kwa kumbembeleza. Ilikubali kwamba ujuzi wa kuongoza ndege bila picha, ule wa stripu na saa, uendelee kufundishwa na kupimwa hata baada ya vituo kuwekwa, na kwamba vifaa vya ardhini vya kuelekeza ndege visiondolewe kwa sababu tu setilaiti zipo.

Mhasibu ndiye aliyeleta habari ya chenji ya rada. Kila Mtanzania aliyekuwa akifuatilia habari miaka ile anaikumbuka: rada iliyonunuliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa pauni milioni 28, huku Benki ya Dunia na ICAO wakisema ni ghali na haifai kwa mahitaji ya nchi, na mwisho wake mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikarudishwa na kuingia kwenye vitabu vya shule na madawati. Wengi huizungumza kama habari ya rushwa. Mhasibu aliitazama kwa jicho la mpangaji. Alisema swali la mtambo huo utafanya kazi gani lilipaswa kujibiwa kabla ya bei kutajwa, na kwamba ukumbi ule ulikuwa umetumia asubuhi nzima kujadili bei. Kisha akauliza swali lililobaki kichwani mwangu: “Mwaka wa saba, betri za kituo cha mlimani atazinunua nani?” Hewa ya pwani ina chumvi. Viungio vya antena huliwa, betri hufa kwa joto, na fungu la matengenezo ndilo la kwanza kukatwa. Kuanzia hapo kila pendekezo lilibeba mstari wa matengenezo, na lisilokuwa nao halikuingia.

Mnara wa kidijitali haukukataliwa. Upo ushahidi kwamba unawezekana: tangu mwaka 2015 ndege za uwanja wa Örnsköldsvik, Sweden, huongozwa na watu walioko Sundsvall, kwa kamera na skrini. Timu ilichokataa ni kuuandikia mwaka. Badala yake iliandika masharti: mkongo wa mawasiliano ufike uwanjani kwa njia mbili zisizopita shimo moja, umeme wa akiba ubebe kamera zote na redio, na wingi wa ndege uwe umeonyesha kwamba saa za huduma haziwezi kuongezwa kwa watu waliopo. Masharti yakitimia kesho, uamuzi ufanywe kesho. Yasipotimia, hata kipindi cha tatu kikifika hakuna kununua.

Utaratibu huo ukaenea kwenye andiko lote. Miaka iliondolewa karibu kila mahali na nafasi yake ikachukuliwa na ishara: tukiona hiki, tunaamua kile. Mfano mmoja, ishara ya kuanzisha mwongoza ndege wa pili zamu ya mchana haikuwa mwaka fulani. Ilikuwa ni pale kumbukumbu za zamu zitakapoonyesha kwamba ndege nne kwa wakati mmoja si jambo la nadra tena.

Kwa droni, timu ilipendekeza jambo dogo kabla ya mfumo wowote mkubwa: mahali pamoja pa kutoa taarifa, pa simu kwanza, ambapo mrushaji anaeleza eneo, kimo na saa, na taarifa hiyo inafika mezani kwa mwongoza ndege na kwa marubani wa helikopta. Mfumo wa kidijitali ungejengwa juu ya mazoea hayo yakishashika.

Kilichotokea baadaye

Andiko liliwasilishwa. Taasisi iliyolipokea ilikuwa na fomu yake ya bajeti, na fomu hiyo inataka mwaka wa fedha kwenye kila mstari. Sehemu ya ishara ikahamishiwa kwenye kiambatisho, na miaka ikarudishwa kwenye jedwali kuu, safari hii kwa makadirio ya mtu ambaye hakuwemo Raskazoni.

Hata hivyo mambo mawili yalitekelezwa. La kwanza, utaratibu wa simu kwa warusha droni ulianza kwa makubaliano ya hiari na mashamba kadhaa, na unatumika. La pili, lilifanyika jaribio la mapokezi. Kipokezi kimoja cha bei ndogo, chenye kompyuta inayoenea kiganjani, kiliwekwa kwenye paa mjini na kingine kwenye kilima cha Usambara Mashariki, vikaachwa visikilize.

Cha mlimani kilisikia ndege za juu vizuri, na kilisikia baadhi ya ndege ndogo za kwenda Pemba hadi zinapokaribia kutua. Cha mjini kilipoteza ndege za kusini mapema. Hayo yalitarajiwa. Ambalo halikupewa uzito wa kutosha kwenye vikao ni kwamba sehemu ya ndege ndogo zilizojulikana kuwa angani, kwa kumbukumbu za safari, hazikusikika popote. Hazikuwa zinatangaza. Mlima unasikia, lakini si kila ndege inasema.

Baada ya hapo mjadala ulihamia kwa wenye ndege: nani atagharamia vifaa kwenye ndege ya injini moja, na sharti lianze kwa safari zipi. Mjadala huo haujafungwa.

Uchambuzi

Rasimu ya kwanza haikuwa mbaya kwa sababu Mhandisi hakuijua kazi yake. Aliijua sana. Ilikuwa mbaya kwa sababu ilijibu swali la tutakuwa na nini, na hadidu za rejea zenyewe zilimsukuma huko kwa kusema “mfumo” bila kusema wa kumhudumia nani. Andiko la miaka 20 likianza na mitambo, kila atakayelishika baadaye atabishana kuhusu mitambo. Likianza na Caravan inayoruka chini ya wingu la masika, mitambo itajipanga yenyewe, na mingine itaonekana haihitajiki.

Historia ya fani hii inaunga mkono jambo hilo, tena kwa namna ambayo wapangaji wa nchi zetu wanapaswa kuijua vizuri. Mwaka 1983 ICAO iliunda kamati ya kutazama mifumo ya baadaye, na mwaka 1991 mkutano wake mkuu wa uongozaji wa anga ukaidhinisha mwelekeo: setilaiti za kuelekeza ndege, ndege kujitangaza zenyewe, ujumbe wa data badala ya sauti. Kamati ile ilipatia teknolojia kwa usahihi wa kustaajabisha. Lakini leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, kwenye sehemu kubwa ya dunia rubani na mwongoza ndege bado wanazungumza kwa sauti kwenye redio. Marekani iliuanzisha mpango wake wa kuboresha uongozaji ndege, NextGen, kwa sheria ya mwaka 2003 ukilenga 2025, na mwaka huo umefika wakati sehemu za mpango bado zinajengwa. Wapangaji wa muda mrefu hupatia mwelekeo na kukosea saa. Kwa hiyo kufunga maamuzi kwenye miaka ni kuyafunga mahali palipo dhaifu zaidi katika utabiri wote.

Mfano mwingine wa Marekani ulitajwa kwa kifupi kikaoni na ulistahili muda zaidi. Miaka ya 1980 waliamua kubadilisha karibu mfumo wote wa kompyuta wa kuongoza ndege kwa mkupuo. Mkataba mkuu ulisainiwa mwaka 1988, na mwaka 1994 mradi ukavunjwa vipande baada ya kuchelewa na gharama kupanda. Katika dola bilioni 2.6 zilizotumika, karibu bilioni 1.5 hazikuleta kitu cha kutumika. Nchi yenye fedha iliweza kumeza hasara hiyo na kuanza upya. Sisi hatuna nafasi hiyo, na ndiyo maana masharti ya mnara wa kidijitali yaliyoandikwa Tanga nayaona kuwa kipande bora cha andiko lote. Yanaruhusu kusema “bado” bila kusema “hapana”.

Hesabu ya Mstaafu ilifanya kazi ambayo ripoti nzito isingefanya. Ilikuwa mistari mitatu, kila mtu aliweza kuikagua kwa kikokotoo cha simu, na Mhandisi aliirekebisha pale pale kwa kuongeza kimo cha antena. Marekebisho yale ndiyo yaliyomfanya aimiliki. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa vituo vya mlimani. Ingekuwa mzee amekuja na ripoti ya mshauri mwenye majibu kamili, naamini tungeshuhudia siku mbili za kutunishiana misuli.

Zoezi la vizibo lilifaa kwa sababu lilikuwa na safu moja tu ya kumbukumbu. Nimeona mazoezi ya aina hiyo yakijazwa vipimo mpaka washiriki wanaacha kutazama ramani. Swali la nani anajua nani yuko wapi ndiyo kazi ya uongozaji ndege ikivuliwa mapambo yote, na droni, helikopta na Caravan zote hulijibu kwa lugha moja. Anayetaka kulirudia aweke mezani watu wenyewe wanaorusha, na asimweke mtu wa kuwawakilisha. Jibu la “nitaisikia, nitashusha” lisingepatikana kwa ofisa aliyesoma kanuni za droni.

Upande wa makosa, kubwa ni kwamba ishara hazikuwa na mwenyewe. Andiko lilisema zikionekana ndege nne kwa wakati mmoja mara kwa mara, uamuzi ufanyike. Halikusema nani anahesabu, anaandika wapi, na anampelekea nani. Fomu ya bajeti ilipokuja, hakukuwa na mtu wa kusema safu hii ni yangu, isiondolewe. Mwaka wa fedha una mwenyewe: mhasibu mkuu, bunge, mkaguzi. Ishara nazo zilihitaji mtu mwenye jina na siku ya kuripoti, hata kama ni mara moja kwa mwaka. Timu ingeweza pia kuijua fomu ile mapema na kuandika ishara ndani yake, kwa mfano fungu dogo la kila mwaka la kuhesabu na kutathmini, ambalo lingepita bila shida.

Kosa la pili ni kwamba Pemba haikuwemo ukumbini. Nusu ya vizibo vyekundu vilikuwa vinatoka au kwenda huko, na hakuna mtu wa Chake Chake aliyekaa mezani. Kituo cha kupokea upande wa Pemba kingeliona sehemu ya mkondo ambayo paa la mjini Tanga linaikosa, na suala hilo lilikuja kugunduliwa kwenye jaribio wakati lingeweza kuzungumzwa siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa upande wa kaskazini: Mombasa iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, na kubadilishana data za ndege kuvuka mpaka kulipewa aya moja, wakati huenda ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Jambo la tatu ni watu. Andiko lina kurasa nyingi za vituo, masharti na droni, na nusu ukurasa wa mafunzo. Mwongoza ndege hatoki darasani akakaa kwenye kiti. Anafanya kozi, anafanya mazoezi kazini chini ya mwalimu anayemsikiliza kila neno, anapimwa, na idhini anayopewa ni ya kituo kile alichofunzwa. Aliyezoea Mwanza akihamishiwa Tanga anaanza kujifunza upya Pangani iko wapi, wingu la masika linashukaje, nani huruka bila kuripoti mapema. Ishara ya ndege nne ikionekana kabla ya watu kuanza kuandaliwa, itachukua muda mrefu kabla kiti cha pili hakijapata mtu. Mstaafu alilisema hilo siku ya mwisho, jioni, watu wakiwa wanakusanya mikoba. Liliingia kwenye kumbukumbu zangu, halikuingia kwenye mapendekezo, na hadi naandika haya mstari wa mafunzo kwenye jedwali la bajeti bado hauna fedha.